Bled na Ljubljana: laleni ziwani kwanza, mjini baadaye

Mama Nasra: Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Kiangazi kimepamba moto huku München, Ujerumani, na wengi mmetuuliza: mume na mke wenye siku chache tu za likizo, watoto wamebaki kwa shangazi yao, waende wapi? Sisi tulikwenda Slovenia, kwenye ziwa la Bled na mji wa Ljubljana.

Baba Nasra: Na ushauri wetu nautoa mapema kabisa: laleni ziwani. Wageni wengi wanafikia Ljubljana, halafu Bled wanaichukulia safari ya kwenda na kurudi. Ni kilomita 50 na kidogo, basi linatumia saa moja na kidogo, kwa hiyo inaonekana ni busara. Mimi naona wanajinyima.

Mama Nasra: Wanajinyima kweli. Ikifika saa nne asubuhi njia ya kando ya ziwa imeshajaa watu. Lakini saa kumi na mbili na nusu, Baba Nasra?

Baba Nasra: Saa hizo mnatembea wenyewe. Kulizunguka ziwa lote ni kilomita 6 hivi, njia tambarare, hata mwenye maumivu ya magoti anaimudu. Boti za injini ya mafuta zimepigwa marufuku, basi kukicha unachosikia ni kasia likiingia majini na bata wanaogombana kwenye matete. Ukiinua macho, ngome iko juu ya jabali, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa maji. Imetajwa kwenye hati ya mwaka 1011, fikiria.

Mama Nasra: Niwaeleze kuhusu kisiwa, maana wapenzi wengi wanakifuata hicho. Kiko ndani ya ziwa, na juu yake kuna kanisa. Mnavushwa na pletna, boti bapa ya mbao yenye turubai juu. Abiria mnakaa pande mbili mkitazamana, na mwenye boti ndiye anayewapanga nani akae wapi mpaka uzito ulingane. Yeye husimama nyuma na makasia mawili, anayasukuma kwenda mbele kwa mwili mzima. Ni kazi ya kurithishana katika familia za kijiji cha Mlino, pale pale kando ya ziwa.

Baba Nasra: Halafu ngazi.

Mama Nasra: Ngazi 99 za mawe kutoka majini hadi kanisani! Desturi yao, bwana harusi ambebe bibi harusi mpaka juu, na bibi harusi asitoe neno njia nzima. Tuliwakuta maharusi siku hiyo. Bwana harusi jasho linamtiririka, bibi harusi kavua viatu kavishika mkononi, midomo kaibana asicheke, na wageni nyuma wanahesabu ngazi kwa sauti. Walipofika juu hata sisi tusiowajua tulipiga makofi. Mimi nikapiga na kigelegele, wakageuka wote.

Baba Nasra: Ndani kuna kengele ya mwaka 1534, iliyotengenezwa Padova, Italia. Wanasimulia kwamba mjane wa ngome ile alichanga dhahabu na fedha yake akatengenezesha kengele kumkumbuka mumewe aliyeuawa na majambazi. Dhoruba ikaizamisha ziwani pamoja na waliokuwa wakiivusha. Akaenda Roma akawa mtawa, na alipokufa Papa akatuma kengele nyingine. Sasa kila anayefika anaivuta kamba na kuomba lake.

Mama Nasra: Kuogelea, inawezekana. Maji Julai na Agosti yanapita nyuzi 20, si ya kugandisha. Na keki yao ya kremšnita mle: tabaka jembamba la unga uliookwa, linalovunjika, chini na juu, katikati kastadi na krimu. Tangu mwaka 1953 inauzwa kwenye hoteli ile ile pale ziwani.

Baba Nasra: Kuna jumba jingine lililonigusa, Vila Bled. Lilikuwa makazi ya kiangazi ya Rais Tito, enzi za Yugoslavia, nchi ambayo Slovenia ilikuwa sehemu yake. Tito huyu ndiye aliyekuja Tanzania mwaka 1970 kwa mwaliko wa Mwalimu. Siku hizi ni hoteli, bustani yake inashuka mpaka majini.

Mama Nasra: Usafiri, kwa haraka.

Baba Nasra: Treni. Ipo inayotoka München moja kwa moja, inapita Salzburg na Villach, inaingia kwenye handaki la karibu kilomita 8 chini ya milima ya Karawanken, ikitokea huko mko Slovenia. Mnashuka Lesce-Bled, basi dogo linawafikisha ziwani. Fedha ni yuro. Slovenia iko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani haombi viza nyingine, ila mtembee na pasipoti na kadi, polisi wanapanda kukagua.

Mama Nasra: Sasa Ljubljana. Katikati ya mji hakuna magari, mnatembea mmeshikana mikono bila kuangalia nyuma. Mto unapita katikati, na madaraja yake yana sura zake: moja la mwaka 1901 lina madragoni wa shaba kwenye pembe zote nne. Kwenye uwanja mkuu kuna sanamu ya Prešeren, mshairi ambaye beti yake ndiyo wimbo wa taifa. Alimpenda Julija, binti wa tajiri, asimpate. Ukifuata macho ya sanamu yanakoelekea, kwenye ukuta wa nyumba ng'ambo ya uwanja utaona sura ya Julija imechongwa dirishani.

Baba Nasra: Mimi moyo wangu ulibaki msikitini. Waislamu wa pale, wengi wenye asili ya Bosnia, waliomba kujenga msikiti tangu miaka ya 1960. Ulifunguliwa mwaka 2020. Zaidi ya miaka 50 ya kuomba! Ukiingia, juu yako limening'inia kuba la kitambaa cha buluu, jepesi, mwanga unapenya. Nilikaa chini ya kuba lile baada ya swala nikawawaza wazee waliosaini maombi ya kwanza na hawakuwahi kuliona.

Mama Nasra: Na mimi nilikuona umechelewa kutoka, sikukuharakisha.

Baba Nasra: Ndiyo maana nasema Bled iwe katikati ya wiki, Ijumaa iwe ya Ljubljana. Mnaswali Ijumaa, kisha mnatembea mpaka sokoni.

Mama Nasra: Ambako kuna Odprta kuhna, wapishi wanatoka na vibanda vyao uwanjani, kila Ijumaa kuanzia Machi hadi Oktoba. Ulizeni nyama ya halali kabla ya kuagiza, wanajibu vizuri. Na angalieni hali ya hewa asubuhi, kwa sababu mvua ikinyesha hawafungui.