Kabla ya Kuongeza Mapigo, Tazameni Kiti

Makocha wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana kila nikisimama kando ya maji nasikia kelele ileile ya kumtaka mpiga makasia aongeze mapigo kwa dakika: "Ongeza! Ongeza!" Aongeze nini?

Tupige hesabu. Boti inakwenda mita 5 kwa sekunde, kijana anapiga makasia mara 30 kwa dakika. Kila pigo linampa mita 10. Akipanda hadi 36 na pigo likapungua likawa mita 8 na kitu, mwendo ni uleule. Kilichozidi ni jasho.

Kasoro iko kwenye kurudi, yaani pale kijana anapomaliza kuvuta na kuteleza na kiti chake chenye magurudumu kwenda kuanza pigo jingine. Boti ya mtu mmoja ina kilo 14, aliyeikalia ana 85. Anapoteleza na kiti kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, miguu yake inaivuta boti, nayo inachupa mbele. Hapo ndipo inapokimbia kuliko wakati wowote, na makasia yako hewani! Akirudi kwa pupa, uzito wote unakita kwenye kibao cha miguu, boti inakatika mwendo. Itazameni omo, ile ncha ya mbele: inachupa, inasita, inachupa. Ukinzani wa maji hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo unachopoteza boti ikichupa hukirudishi ikisita.

Mwaka 1981 Peter-Michael Kolbe wa Ujerumani Magharibi alifika kwenye ubingwa wa dunia mjini Munich na boti ambayo kiti hakisogei. Kinachoteleza ni vyuma vya kushikilia makasia pamoja na kibao cha miguu. Mwili mzito umetulia, vyuma vyepesi ndivyo vinavyokwenda na kurudi. Akashinda. Kufikia 1983 wote sita waliofika fainali ya dunia ya boti ya mtu mmoja walikuwa na boti za namna hiyo, kisha shirikisho la dunia la makasia likazipiga marufuku. Walisema ni gharama, sawa. Lakini aliyeona mbio zile bado anaweza kuniambia kurudi ni kupumzika tu?

Najua mtanitajia Karl Adam, yule kocha wa Ujerumani, na vijana wake wa mji wa Ratzeburg, kwamba wao walishinda kwa kuongeza mapigo. Ndiyo, walipiga kwa kasi kubwa, na kwenye Olimpiki ya Roma 1960 Wajerumani wakalichukua taji la boti ya watu wanane ambalo Marekani haikuwahi kulikosa tangu 1920. Lakini Adam aliwajenga kwanza, kwa mazoezi ya kukimbiza na kupumzika, kukimbiza na kupumzika. Nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: mapigo 36 yenye mita 10 kila moja yanadai nguvu zaidi kwa asilimia 70 na ushei. Kijana wako anayo?

Muda umenibana. Kasia lizame kwanza ndipo miguu isukume, kisha mgongo, kisha mikono. Kesho asubuhi ni mapigo 20 kwa dakika, kila mtu arudi kwa muda maradufu ya ule wa kuvuta, na sitaki kusikia mtu akipiga kelele ya kuongeza.