Kutia Tinti Vioo na Taa za Gari la Rimoti

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijasema lolote, tazameni bodi hizi mbili hapa mezani, yaani maganda ya nje ya gari la rimoti. Zote za kipimo cha moja kwa kumi, zote nyekundu, na aliyezipaka ni mimi. Ya kushoto vioo vyake nimeviacha bila kitu. Hebu kijana wa mbele, inama uchungulie. Unaona nini? Betri. Mota. Nyaya zimefungwafungwa. Kiti hakuna, usukani hakuna. Haya, chungulia hii ya kulia. Chini yake kuna nyaya zile zile, lakini jicho limekomea kwenye kioo, na akili imeshakubali kwamba ndani kuna dereva. Tinti kwenye gari la rimoti kazi yake ya kwanza ni hiyo, kusitiri. Madaha baadaye.

Mimi nimekulia kwenye gereji, kupaka magari ya kweli. Huko unapiga msasa, unapiga praima, unapiga rangi, klia, ile vanishi angavu, inakuja mwisho juu ya yote. Basi nilipopata bodi yangu ya kwanza ya leksani, plastiki angavu kama kioo, nikafanya nilivyozoea: nikapuliza kwa nje, na rangi iliyobaki gereji. Ilipendeza kwa siku moja. Gari likagonga ukingo wa baraza, rangi ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Nilikosea mara mbili kwa mpigo. Upande haukuwa ule, na rangi haikuwa ile.

Tuanze na rangi. Hii plastiki ni polikaboneti. Mwaka 1953 wanakemia wawili waliipata kila mmoja kwa njia yake: Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani. Lexan ni jina la kibiashara walilolianzisha hao wa Marekani, nasi tumelishika kama tulivyoshika majina mengine ya madukani. Sifa yake ni kwamba ukiigonga inakunjika na kurudi. Rangi isiyojua kukunjika nayo itabanduka, hata uipake kwa ustadi gani. Na thina kali ikiigusa, inapasuka vijistari vyembamba kama nywele, na vijistari hivyo havifutiki.

Ndiyo maana Tamiya, watengenezaji wa magari ya rimoti na rangi zake, wale wa Shizuoka kule Japani, wanatenganisha makopo yao ya kupuliza. PS ni ya polikaboneti. TS ni ya plastiki ngumu, kama bodi ya lile gari lao la kwanza la rimoti, Porsche 934 ya mwaka 1976. Rangi ya moshi, ambayo ndiyo tinti yenyewe, ipo pande zote mbili: PS-31 na TS-71. Ukiwa na haraka dukani utasoma "Smoke", utalipa, utaondoka. Zisome herufi mbili za mwanzo, tafadhali.

Sasa upande. Bodi hizi zinapakwa kwa ndani, kwa hiyo mkono wa kwanza wa rangi ndio utakaoonekana nje milele, na kila kinachofuata kinajificha nyuma yake. Kwa fundi wa gereji hili ni kama kuandika kwa mkono wa kushoto. Lakini likishakuingia, tinti inakuwa kazi nyepesi kuliko zote. Unabandika vizibio vya vioo kwa ndani, unakandamiza kingo zake kwa ukucha, unapiga nyekundu, unaifunika nyekundu kwa nyeusi. Halafu unabandua vizibio, unapuliza moshi mle ndani kote. Hakuna haja ya kuziba tena. Moshi ukirukia ile nyeusi, uruke tu, aliye nje hatauona kamwe. Na ile nyeusi inakusaidia mara mbili, maana ndani mwa gari pakiwa giza, kioo chenyewe hakihitaji tinti nzito.

Hapo kwenye uzito ndipo watu wanapoharibu, nami nimo. Rangi ya kawaida unaongeza mpaka ikolee. Moshi haukolei, unazidishana. Tuseme kila mkono unapitisha asilimia 80 ya mwanga. Wa pili unakuacha na 64, wa tatu na 51, wa nne na 41. Kwa macho, mkono wa kwanza unaonekana kama hukufanya kitu, basi unashawishika kuminya kopo kwa hasira. Usiminye. Kumbukeni bodi umeipindua, imekaa kama karai. Ukipuliza nyingi, inachuruzika na kutuama kwenye pembe za kioo cha mbele. Ninayo moja nyumbani yenye pembe nyeusi tii na katikati kweupe, kama jicho lililopigwa ngumi. (Kicheko.) Ile sikuirekebisha, niliiongezea giza mpaka aibu ikapotea. Ndiyo sababu gari lile halina kioo hata kimoja cha kuonea.

Mimi hupima hivi. Vile vipande unavyokata pembeni ya bodi usivitupe. Kimoja kiweke karibu ukipulizie pamoja na vioo. Kikikauka, kilaze juu ya gazeti. Ukisoma kichwa cha habari bila shida lakini herufi ndogo zinakusumbua, acha hapo hapo. Kopo nalo liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, ili litoe ukungu laini badala ya matone. Na sisi wa pwani, siku ya masika hewa ikiwa nzito, ahirisha. Unyevu unaiachia rangi utando mweupe, na kwenye kioo hauna pa kujificha.

Vioo vyote viwe sawa? Kwangu, hapana. Kesho simameni barabarani mtazame Noah na Harrier zinavyopita: nyuma giza la kiwandani, mbele kweupe. Ulaya sheria inataka vioo vya mbele vya pembeni vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, dereva aone. Basi gari dogo likiwa na mikono mitatu nyuma na mmoja mwembamba mbele, mtu analiamini bila kujua kwa nini. Anza na vya nyuma, vya mbele vikiwa bado vimezibwa. Mkono wa mwisho zibua vyote, upulize pamoja.

Taa. Taa ya mbele iliyotiwa moshi kidogo ni kama jicho lililopakwa wanja: ukizidisha, unachekwa. Taa ya breki inataka nyekundu inayopitisha mwanga, PS-37, na indiketa inataka ya chungwa, PS-43. Chungwa ifunike kabla nyekundu haijaifikia, kwani hizi zinaonana, na nyekundu ikikaa nyuma ya chungwa indiketa yako itafanana na breki. Baada ya hapo chagua. Kama taa ni ya kuangaliwa tu, ifunike kwa rangi ya fedha nayo itameta kama ina kioo ndani. Kama utaweka balbu za LED, usifunike kitu, na nyuma ya nyekundu weka LED nyekundu. Nyeupe itapoteza sehemu kubwa ya mwanga wake humo ndani.

Mzee pale nyuma ananiuliza kwa nini bodi yake nyeupe inawaka mashavu usiku. Shikamoo, mzee. Mwanga unavuja, nyeupe haiuzuii. Bandua vikombe vya taa, vile vya plastiki vinavyoshika balbu, pande zote za tundu paka nyeusi kwa ndani, uvirudishe.

La mwisho, ile ngozi nyembamba ya plastiki iliyo juu ya bodi kwa nje. Isitoke mpaka umemaliza kila kitu, hata kama kazi inaonekana imefifia. Hii bodi ya tatu niliyokuja nayo sijaibandua bado. Kijana, njoo uishike hapa pembeni, vuta taratibu kuelekea kwako, ukianzia kwenye bampa.