Ndara Iliyolika Ncha: Mwendo na Uthabiti wa Mwili kwa Mwenye MS

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo mimi na kaka Shaban, mtaalamu wa fiziotherapia, tunazungumzia namna ya kuimarisha mwendo na uthabiti wa mwili kwa mtu mwenye multipo sklerosisi, maradhi ambayo wengi tunayaita MS na ambayo mimi mwenyewe ninaishi nayo kwa mwaka wa 9 sasa. Ndara zangu hizi hapa, kaka, kama ulivyoniagiza.

SHABAN: Ahsante, dada Zuhura. Ya kushoto imelika kisiginoni, kama ya mtu yeyote. Ya kulia imelika nchani, chini ya kidole gumba, mpaka mpira umebaki mwembamba kama karatasi. Maana yake unapopiga hatua, unyayo wa kulia hauinuki sawasawa, unaburura ncha chini, na hali hiyo haikuanza jana.

ZUHURA: Nilikuwa nikijikwaa kwenye kizingiti kila mara, na nyumbani wakiniambia niangalie ninapokanyaga.

SHABAN: Macho yako hayakuwa na kosa. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo amri ya kuinua unyayo hufika imechelewa au imefifia. Ndiyo maana sipendi kusikia kila mgonjwa akiambiwa ana udhaifu wa miguu, basi. Mmoja unyayo wake unaning'inia, naye atafaidika na kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kukishikilia kifundo. Mwingine misuli ya paja imekakamaa, na huyo anaweza kuhitaji baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, lakini kwa kipimo cha uangalifu, kwa sababu pengine ukakamavu huohuo ndio unaomsimamisha. Wa tatu ana nguvu zake zote, ila ubongo haupati habari za mahali miguu ilipo.

ZUHURA: Hilo la tatu nililijua bafuni. Nikifumba macho ninawe uso, mwili unapepesuka na lazima nishike ukuta.

SHABAN: Mwili hujisimamisha kwa kutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Nyayo zikiingia ganzi, macho hubeba mzigo wao, na ukiyafumba unabaki huna cha kutegemea. Zoezi lake lifanyike kwenye pembe ya chumba, kuta mbili nyuma yako na kiti imara mbele, mtu wa nyumbani akiwa karibu. Unasimama miguu pamoja, macho wazi, kisha unayafumba kwa sekunde chache. Ukizoea, unasimama juu ya godoro jembamba, halafu unageuza kichwa kulia na kushoto. Zoezi lisilokuyumbisha hata kidogo halikufundishi kitu, na kuta zile zipo kwa ajili ya kukudaka.

ZUHURA: Nilipougua mara ya kwanza niliambiwa nipumzike, nisijichoshe. Nilitii karibu mwaka mzima, na ninaamini mwaka ule uliipunguza miguu yangu kuliko ugonjwa wenyewe.

SHABAN: Inauma kusikia hivyo, kwani ushauri huo ulitawala kwa miongo mingi. Mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya wiki 15 kwa watu wenye MS, na pumzi na nguvu zao ziliongezeka. Uchovu wa MS ni wa kweli, hivyo tunaugawa muda: dakika chache za kutembea, kupumzika, kisha kutembea tena.

ZUHURA: Na joto letu hili la pwani?

SHABAN: Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, alieleza mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa yalivyofifia kwa muda baada ya kujichosha, na baadaye ikajulikana kuwa dalili huzidi mwili ukipata joto. Uzi uliokwisha kuumia hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, lakini mwili ukipoa hali hurejea. Tembea alfajiri, ukiwa na kitambaa kibichi shingoni na maji baridi mkononi.

ZUHURA: Wasikilizaji huniuliza pia kuhusu kidonge cha kutembea.

SHABAN: Hiyo ni fampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010: miligramu 10 mara mbili kwa siku, zikipishana saa 12. Katika majaribio makubwa ilimsaidia takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na haimfai mwenye historia ya degedege wala mwenye figo zilizodhoofika. Kabla ya kuianza tunapima mgonjwa anatembea mita 7.62 kwa sekunde ngapi, na baada ya wiki chache tunarudia. Muda usipopungua, hakuna sababu ya kuendelea kuinunua.

ZUHURA: Naomba niongeze la kuanguka, maana zaidi ya nusu yetu huanguka, na hakuna aliyenifundisha kuinuka mpaka nilipokaa sakafuni jikoni saa nzima nikisubiri mtu. Siku hizi najizoesha kila Jumamosi. Nalala ubavu, najisukuma kwa kiwiko, napiga magoti, natambaa hadi kwenye kiti kizito, naweka viganja vyote viwili juu yake, kisha natanguliza mguu wa kushoto, ule wenye ndara iliyolika kisiginoni.