Kuelewa Viwakilishi vya Yambwa katika Kihispania

Karibuni, wanafunzi wa Kihispania. Leo tunatazama viwakilishi vya yambwa, yaani maneno mafupi yanayosimama badala ya kinachotendwa au anayetendewa. Andikeni sentensi hii daftarini: «Veo el libro», yaani «Ninakiona kitabu». Sasa futeni «el libro», kisha mbele ya kitenzi wekeni «lo»: «Lo veo», ninakiona. Anayezungumza Kiswahili ameizoea nafasi hii, kwa kuwa «-ki-» ya «ninakiona» nayo hutangulia mzizi wa kitenzi na kufanya kazi ileile.

Pili, tazameni jinsia na idadi ya nomino. «Libro» ni ya kiume, hivyo huchukua «lo». «Llave», yaani ufunguo, ni ya kike, hivyo huchukua «la». Katika wingi tunapata «los» na «las». «Me» (mimi), «te» (wewe) na «nos» (sisi) hazina jinsia.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji utulivu zaidi. Kiswahili husema «ninamwona» na «ninamwandikia» kwa «-m-» ileile, na kuiachia kauli ya kutendea ionyeshe tofauti. Kihispania hubadilisha kiwakilishi chenyewe: mwanamke ninayemwona ni «la veo», lakini mwanamke au mwanamume ninayemwandikia ni «le escribo». Viwakilishi viwili vikikutana, cha mtendewa, yaani anayepewa au anayeandikiwa, hutangulia: «Me lo da», ananipa hicho. Hata hivyo, «le» na wingi wake «les» haziwezi kusimama mbele ya «lo», «la», «los» wala «las». Hugeuka kuwa «se». Kwa hiyo tunasema «Se lo doy», ninampa hicho, na ikiwa haijulikani anayepewa ni nani, tunaongeza «a él» (kwa mwanamume) au «a ella» (kwa mwanamke).

Nne, kitenzi kikiwa katika umbo lake la msingi, kiwakilishi kinaweza kushikamana nacho mwishoni: «Quiero leerlo», nataka kukisoma, «Lo quiero leer» ni sahihi vilevile. Katika amri ya kukubali, kushikamana ni lazima: «Dámelo», nipe hicho, pamoja na alama ya mkazo. Amri ya kukataa hukirudisha mbele: «No me lo des», usinipe hicho.

Angalieni pia «quiero», ambayo peke yake humaanisha nataka, ilhali «te quiero» ni nakupenda. Nayo «me gusta el libro» ifahamuni kama «kitabu kinanipendeza»; ndiyo sababu vitabu vikiwa vingi tunasema «me gustan».

Simamisheni video, mfupishe sentensi hii: «Le doy la llave a Ana», yaani ninampa Ana ufunguo. Jibu ni «Se la doy».