Kuutazama Moyo wa Mtoto Kabla Hajazaliwa

(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya wakunga, wauguzi na wazazi)

Wazee wetu, mama zetu, wakunga na wauguzi, assalaam alaikum.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, takriban mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Moyo huanza kupiga yapata siku ya 22 tangu mimba kutungwa, na kufikia wiki ya 8 umbile lake limekwisha kupangika, wakati ambapo mama wengi hawajaanza hata kliniki. Kisukari kilichotangulia mimba, rubela (maradhi ya homa na vipele) ya miezi ya mwanzo ya mimba na kasoro kama hiyo katika familia huongeza hatari, lakini watoto wengi wenye kasoro hizi huzaliwa na mama wasio na lolote kati ya hayo. Kwa hivyo kuwachagua wachache wa kupimwa hakutoshi, na kumlaumu mama ni dhuluma.

Tumboni mtoto hatumii mapafu yake. Oksijeni huipata kwenye kondo, na damu hukwepa mapafu kwa kupitia kitundu kilicho baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na kimshipa kinachouunganisha mshipa wa mapafu na aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Ndiyo maana moyo wenye kasoro kubwa huweza kumkuza mtoto vizuri kwa miezi tisa, akazaliwa mnene na mwenye sauti, kisha hali ikageuka katika siku chache, kimshipa kile kinapoziba.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kwa moyo wakati unaofaa zaidi ni wiki ya 18 hadi 22. Wengi wetu huenda ili kujua mtoto ni mume au mke, tukaridhika na jibu hilo. Nanyi mnaopiga picha, nawasihi msiishie kwenye vyumba vinne vya moyo. Aota na mshipa wa mapafu vikiwa vimebadilishana mahali, vyumba vinne huweza kuonekana sawa kabisa. Kasoro hiyo huonekana pale tu mpimaji anapoifuata mishipa mikuu inavyotoka moyoni, na kuona kama inapishana, kama ilivyo kawaida, au inakwenda sambamba.

Kwa watu wa visiwani, faida kubwa ya kujua mapema ni kupata muda wa safari. Iko dawa ya prostaglandini, inayotiwa kwa dripu ili kimshipa kibaki wazi mpaka upasuaji, lakini lazima mtoto awe mahali ilipo. Mama wa Kizingitini, kisiwani Pate, aliyeonekana na shaka katika wiki ya 20 apewe rufaa kwa bingwa wa moyo wa watoto, uamuzi uandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki, na familia impeleke mjini wiki kadhaa kabla ya siku zake za kujifungua, bila kungojea uchungu umshike ndipo itafutwe boti ya kuvukia bara, Mokowe.