Namna ya Kuutambua Uyoga Telezi wa Misonobari

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tutautambua uyoga ambao wataalamu huuita Suillus luteus, nami huuita uyoga telezi, kwa sababu mvua ikinyesha kofia yake hupata ute mzito kama ute wa yai.

Kabla hujainama, tazama juu. Uyoga huu huota chini ya misonobari, kwa kuwa nyuzinyuzi zake za ardhini hushikamana na mizizi ya mti huo, zikiupa maji na madini na kupokea sukari kutoka kwake. Asili yake ni Ulaya na Asia, lakini umefuatana na miche ya misonobari hadi kwenye mashamba ya miti ya kusini mwa dunia.

Sasa tuung'oe. Tafadhali usilishike shina katikati! Pitisha kisu udongoni pembeni mwa shina, uuinue uyoga wote pamoja na kitako chake, kisha uushike hapo kwenye kitako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katikati ya shina ipo pete laini, na siku moja niliifuta kwa kidole gumba bila kujua, nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimeokota Suillus granulatus, ambao ni ndugu yake asiye na pete.

Geuza kofia. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa maana chini yake hakuna vijani vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, bali kuna vitundu vidogo vya manjano vilivyosongamana kama sifongo, na kila kitundu ni mdomo wa mrija mwembamba. Ukikuta vijani, uache uyoga huo palepale. Uyoga wa jenasi ya Amanita, ambao baadhi yake huua, una vijani, na wengi wao wana pete na mfuko kwenye kitako, ndiyo maana tumekichimbua kitako chote.

Naomba subira kidogo, kwa kuwa kamera inalenga majani yaliyo nyuma badala ya shina. Nitaweka kiganja hapa. Naam, sasa inaonekana. Itazame pete: upande wa juu ni mweupe, na upande wa chini una rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia. Uyoga ulipokuwa mchanga, pete hii ilikuwa utando mweupe uliofunika vitundu vyote. Kofia ilipotanuka, utando ukachanika na kubaki shinani. Juu ya pete utaona vidoti vidogo vinavyozidi kuwa vyeusi kadiri uyoga unavyokomaa. Narudia, usiiguse pete, kwani kwenye uyoga mkongwe hunywea ikabaki alama tu.

Kofia ni ya kahawia iliyokolea, na kwa kawaida upana wake ni sentimita 5 hadi 12. Ukiupasua uyoga, nyama yake ni nyeupe au ya manjano hafifu, wala haigeuki kuwa ya buluu.

Watu wengi huula, lakini ngozi ya kofia huambuliwa kwanza, kwa kuwa ute wake huweza kuvuruga tumbo. Hata hivyo, usiule kwa kutegemea video hii pekee, bali mwoneshe mjuzi uyoga wenyewe mkononi.

Kipimo cha mwisho ni unga wa mbegu. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe huku vitundu vikitazama chini, funika kwa bakuli, na uiache usiku kucha. Asubuhi inua kofia wima, bila kuiburuta, maana ukiiburuta alama itavurugika. Hii hapa niliiandaa jana: unga wa kahawia yenye umanjano, na ukisogeza jicho karibu utaona kila kitundu kimeacha nukta yake.