Kubadili taarifa za jina la biashara BRELA: tufanye pamoja hatua kwa hatua

Mbukwenyi! Karibuni tena. Leo tunabadili taarifa za jina la biashara kwenye mfumo wa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Ni ule mfumo wao wa usajili wa mtandaoni, ORS. Nitakuwa naonyesha kwenye skrini, wewe fuata taratibu, ukiachwa simamisha video urudi nyuma.

Mfano wetu ni wa hapa hapa Dodoma. Chukulia kuna mama anayeuza chakula. Alisajili jina akiwa Majengo, baadaye akahamia Ihumwa kuwafuata wateja wa Mji wa Serikali pale Mtumba. Sasa anataka kupikia mikutano ya ofisi, na ofisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Kwenye cheti bado yuko Majengo, na shughuli iliyoandikwa ni mgahawa tu. Jina la biashara ni lile lile, mmiliki ni yule yule. Kwa hiyo huyu hasajili upya. Anapeleka mabadiliko ya vitu viwili: anwani na shughuli.

Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoambiwa mitaani kwamba ukihama lazima usajili jina jipya. Hapana. Ila ukitaka kutoka kwenye jina la biashara uwe kampuni, hapo ndipo hakuna mabadiliko ya kupeleka, kampuni inasajiliwa yenyewe kama kampuni. Usijaribu kuongeza "Limited" mwishoni mwa jina lako ukidhani umepanda daraja.

Kabla hujagusa kompyuta, weka mezani vitu hivi. Namba ya NIDA, tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo hata kwa macho unaweza kuona kama imekosewa. Kama huikumbuki, piga *152*00# ufuate menyu. TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, tarakimu 9. Cheti cha usajili cha sasa pamoja na ile karatasi ya pili yenye maelezo ya biashara na mmiliki. Halafu simu yenye laini unayoitumia. Simu janja inaweza kufungua mfumo, lakini kupandisha viambatisho vya PDF kwenye kioo kidogo ni mateso, mimi nashauri kompyuta, hata ya kukodi.

Haya, fungua ors.brela.go.tz. Andika anwani hiyo mwenyewe pale juu, usipite kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu WhatsApp.

Sasa tunaingia kwenye akaunti, na hapa ndipo wengi wanakwama. Swali la kujiuliza ni moja: akaunti yako alikufungulia nani? Kama ni kijana wa steshenari, inawezekana kabisa aliweka barua pepe yake na namba yake ya simu, maana wewe hukuwa na barua pepe siku ile. Biashara ni yako, ila ufunguo uko mfukoni mwake. Akaunti inafungamana na namba yako ya NIDA, hivyo usikimbilie kufungua nyingine. Kama anapatikana, kaa naye mbadilishe barua pepe na nywila palepale. Kama hapatikani, wasiliana na huduma kwa wateja ya BRELA ukiwa na kitambulisho chako, uombe wakurekebishie. Barua pepe ya bure unaifungua kwa dakika chache, ifungue kwa jina lako. Na nywila usimwachie mtu hata kama ni mtoto wa shemeji. Anayekusaidia kujaza, ajaze ukiwa umekaa pembeni.

Jambo jingine kwa wenye majina ya zamani. ORS ilianza 2018. Aliyesajili kabla ya hapo kwa makaratasi anaweza kuingia kwenye akaunti yake asilione jina lake. Halijapotea, linatakiwa kuhuishwa kwanza, yaani taarifa za kwenye cheti cha zamani ziingizwe kwenye mfumo zithibitishwe. Ukimaliza hilo ndipo urudi kwenye mabadiliko. Ukichanganya yote mawili kwa mara moja utajichelewesha mwenyewe.

Tumeshaingia. Nenda sehemu ya majina ya biashara, chagua ombi la mabadiliko, kisha chagua jina lako. Mfumo unataka useme unabadili nini. Gusa yale tu yanayobadilika, mengine yaache kama yalivyo.

Tuanze na anwani. Kwa Dodoma hii ndiyo inayohitaji utulivu, kwa sababu mji umepimwa na unaendelea kupimwa. Unachagua mkoa, wilaya, kata, halafu mtaa. Angalia: Ihumwa ni kata na Mtumba ni kata nyingine, zimepakana. Watu wakiongea wanasema tu "kule Mtumba" hata kama duka liko upande wa Ihumwa. Usijaze kwa mazoea ya mdomo, muulize mwenyekiti wa mtaa au angalia kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa kwenye jengo. Kisha mfumo unauliza kama eneo limepimwa. Kama limepimwa utajaza namba ya kiwanja na kitalu. Hizi zipo kwenye hati au kwenye karatasi za umiliki za mwenye nyumba; hata kama karatasi zake ni za enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017, namba ya kiwanja na kitalu utazikuta humo. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba akupe namba hizo, usibuni. Kama eneo halijapimwa, unachagua hivyo na kueleza mahali palipo kwa maneno: karibu na nini, barabara ipi. Andika maelezo ambayo mgeni akishuka kwenye daladala ataweza kuyafuata.

Shughuli sasa. Hapa huandiki unavyotaka, unachagua kwenye orodha yenye namba, ile ya kimataifa ya ISIC. Kwa mama wetu, 5610 ni migahawa na 5621 ni upishi wa hafla na mikutano. Alikuwa na ya kwanza, anaongeza ya pili. Kuna watu huongeza shughuli kumi na tano ili "zikae tu", ujenzi, usafirishaji, uuzaji wa mbegu. Mimi siungi mkono. Afisa wa leseni atakuuliza kuhusu kila moja, na mnunuzi akiona unapika, unajenga na unachimba visima hatajua akuamini kwa lipi.

Kama unabadili jina lenyewe, fanya utafutaji wa jina kwanza uone kama kuna linalofanana nalo. Kama unaongeza mbia au unamuuzia mtu biashara, muwe na makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa, na namba za NIDA za wote. Kama mmiliki amefariki, usiingie kwa nywila ya marehemu. Anzeni na mahakama, mpate usimamizi wa mirathi, msimamizi ndiye apeleke ombi.

Pitia ulichojaza. Mfumo ukikutolea fomu ya kusaini, ipakue, ichape, saini kwa mkono, iskani iwe PDF inayosomeka, siyo picha ya simu yenye kivuli cha kidole, kisha ipandishe. Tuma ombi.

Utapata bili yenye kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoita kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kiasi cha kulipa kimeandikwa humo, na kama una ada za miaka ya nyuma hujalipa, usishangae kuziona. Lipa benki au kwa simu: M-Pesa *150*00#, Mixx *150*01#, Airtel Money *150*60#, chagua malipo ya Serikali, ingiza namba. Mtu akikwambia utume pesa kwenye namba yake binafsi ili "akuharakishie", kata simu.

Baada ya hapo ingia kwenye akaunti mara kwa mara. Ombi likirudishwa kwa marekebisho, soma maelezo ya afisa hadi mwisho, rekebisha alichotaja, tuma tena. Likipita, pakua nyaraka mpya uzihifadhi pia kwenye barua pepe yako.

Lakini mama wetu hajamaliza. Aende TRA abadili anwani kwenye TIN, na kama ana mashine ya EFD, risiti nayo isiendelee kutoka na anwani ya Majengo. Leseni ya halmashauri ya Jiji inashughulikiwa kwenye mfumo wa TAUSI, nayo ilingane. Benki wapelekee nakala. Kisha ndipo afungue NeST, kwa sababu taarifa za BRELA na TRA zikipishana, ataulizwa yeye.

Kama biashara umeiacha kabisa na huna mpango wa kuirudia, hii siyo video yako. Kuna ombi la kufunga jina, na hilo tutalifanya wiki ijayo.